Nguruwe Katika Ukuta wa Merv

Bendigo,
Jumapili alasiri, mwishoni mwa Oktoba

Wifi yangu Noelene,

Zikufikie salamu zangu, nyingi na za moto, ingawa najua moto ni kitu msichopungukiwa huko Darwin. Goti lako linasemaje? Usinijibu kwamba limepona, kwa sababu Tegan alipokupigia simu alikusikia ukiguna wakati wa kuinuka kitini, na mwanangu huyo hajui kutunza siri ya mtu. Mimi ni mzima. Mgongo unalalamika kidogo, na viganja vimekauka kwa saruji hata nikipapasa shuka zinanasa, lakini usingizi ninaoupata siku hizi sijaupata tangu tumzike kaka yako. Kuku wote wapo, isipokuwa yule mwekundu. Habari zake zitakuja.

Najua utauliza kwa nini nimeandika barua na simu ipo ukutani. Wifi, mimi na wewe tukishika simu tunaishia kucheka. Wewe utaniambia juu ya yule jirani yako anayefuga mamba, nami nitakwambia juu ya kasisi mpya na soksi zake, kisha chai inapoa na tunaagana. Leo ninalo jambo ambalo halisemeki mtu akiwa anacheka. Basi keti, weka mguu juu ya kigoda, unisome mpaka mwisho kabla hujanikasirikia.

Nimejenga ukuta. Ndiyo, kwa matofali yale.

Nakuona hapo ulipo umeivua miwani. Ivae tena. Sijasahau matofali yale ni ya nani. Ni ya dohani na jiko la nyumba ya wazazi wenu kule Eaglehawk, aliyoijenga baba mkwe kwa mikono yake, na nilikuwepo siku ilipobomolewa, nikamwona kaka yako Merv akipanda juu ya kifusi kama mtu anayetafuta watoto. Nilikaa na ninyi wawili kiangazi chote, kila mtu juu ya ndoo yake iliyopinduliwa, tukibandua chokaa ya zamani kwa vishoka. Nakumbuka lile tofali lililokukata kidole gumba. Ulilirusha likapiga tangi la maji na kuvunjika pembe, ukatoa tusi ambalo mama yako, Mungu amrehemu, hakujua kwamba unalijua. Merv alicheka mpaka akalala chini kwenye majani. Halafu akaliokota, akaliweka kando, akasema hilo ni la Noelene, linauma kama mwenyewe. Hakuna aliyeligusa tena isipokuwa mimi, ninayelitumia kuegemezea mlango wa banda la kuku.

Baada ya hapo unajua ilivyokuwa. Rundo likakaa nyuma ya kibanda cha zana, limefunikwa mabati, na kaka yako akawa anapanga ukuta. Alipanga ukuta jinsi wengine wanavyosali. Kila Krismasi ikipita alitoka na vigingi na uzi, akaufunga kutoka kona hii hadi kona ile, akarudi nyuma, akafumba jicho moja, akaniambia mwaka huu, Glen, mwaka huu. Mwaka mmoja paa likavuja. Mwingine akanunua lile gari bovu. Mimi nilimtania kwamba alinichumbia hivyo hivyo, mama yangu akamlisha hadi akachoka, na nisingemshika kola mwenyewe tungekuwa bado tunafunga uzi. Kisha moyo wake ukasimama na vigingi vikabaki ardhini. Sikuving'oa. Nilipokata majani nilivizunguka.

Sasa mwezi wa nane upepo uliangusha uzio wa mbao kati yangu na Ivo. Ivo unamkumbuka, yule mpeleka barua mstaafu, mgane wa Ljubica, yule mama aliyenifundisha kufunga nyama kwa majani ya kabichi. Nilipoamka nilikuta uzio umelala chali juu ya nyanya zake, na kuku wangu wamekwisha kuvuka kwenda kumsalimu. Naye alikuwa amesimama katikati yao na kikombe cha chai, kichwa wazi, kipara chekundu kama kawaida yake, maana miaka hii ya karibuni namwona ni mtu asiyejua jua la Mungu ni la kujikinga. Akasema, jirani, usihangaike, kesho naita watu wa uzio wa mabati, tunachangia nusu kwa nusu kama ilivyo desturi, wiki ijayo kazi imekwisha.

Wifi, nilifungua mdomo nimwambie sawa. Badala yake nikajisikia ninasema kwamba hapana, hapa patajengwa ukuta wa tofali.

Alitazama rundo, akanitazama mimi. Akauliza atajenga nani. Nikamwambia mimi. Akacheka, akasema, "Jirani, banda lako la kuku lenyewe limeinama kama limelewa." Nikamjibu kwamba lile banda lilijengwa na Merv. Alikunywa chai yake yote bila kuinua macho. Halafu akasema haya, kama matofali ni yangu, basi saruji na mchanga ni vyake, na kama ukuta ni wa wote wawili basi nusu ataijenga yeye kwa mkono wake. Nikasema, wewe ambaye hata barua ulikuwa unazitia kwenye sanduku la mtu mwingine? Akasema saruji haina anwani. Ndivyo tulivyoanza.

Sitakuchosha na uchimbaji wa msingi. Mvua ilinyesha, mfereji ukawa kijito, mizizi ya mlimau ikatusumbua mpaka tukauzunguka, ndiyo maana ukuta una kiuno kidogo hapo katikati, na ukiuona usiseme kitu. Tulikubaliana urefu wake uishie kifuani, tusije tukahitaji kibali cha halmashauri. Siku tulipomwaga zege yule kuku mwekundu aliona ni uwanja mpya, akatembea juu yake kwa madaha mpaka akazama magoti. Ivo alimchomoa, akamwosha kwa mpira wa bustani huku akimsemesha Kikroatia, akamfunga kwenye sweta lake la zamani. Tangu siku hiyo kuku yule amehamia kwake. Nilimwita, nikamtikisia mahindi, akanitazama kama mtu asiyenijua. Sasa anamtagia Ivo, na nyayo zake ziko kwenye msingi wetu milele.

Halafu zikaja kona. Wewe binti wa mwashi hujasahau: kona hupanda kwanza, ukuta hufuata. Nilitoa zana za baba mkwe sandukuni, mwiko, timazi, pima maji yenye kioo kilichogeuka njano, na chini kabisa nikaukuta ule ufito wa Merv. Aliukata majira ya baridi ya mwisho ya uhai wake, mezani jikoni, akanijazia vumbi la mbao kwenye siagi. Una alama za msumeno kutoka chini hadi juu, kila alama kozi moja, safu moja ya matofali pamoja na mota yake ya saruji, ili mjenzi ausimamishe kando ya kona na kuona kama amepanda sawa. Nilipoushika nilikaa chini kwenye sakafu ya kibanda. Sikulia sana. Nililia kiasi.

Nikampelekea Ivo, nikamwambia huu ndio utakaotuongoza. Akasema asante, lakini yeye amekwisha kupewa ufito na mpwa wake anayejenga majumba mapya huko Melbourne, wa bati jeupe, alama zimechorwa na mashine. Nikamwambia tumia huu. Akasema watu wa kwao Dalmatia wanajenga kuta tangu Yesu akiwa fundi seremala. Nikamwambia kuta zenu mnapanga mawe tu, mota hamjui hata harufu yake. Akasema ndiyo maana hazijaanguka. Kwa hiyo mimi nikaenda kona yangu na ufito wangu, naye akaenda yake na ufito wake, mlimau ukiwa katikati yetu na matawi yake yote, kila mmoja akimsikia mwenzake akigonga na asimwone.

Nilifurahi siku zile, wifi, nikwambie ukweli. Mota ikiwa imekubali, inashuka kwenye mwiko kama uji wa mtoto, unabonyeza tofali, linatulia. Nilikuwa nazungumza na Merv mchana kutwa. Nilimwambia, unaona, haikuwa kazi ya kuogopwa. Ng'ambo ya pili Ivo alikuwa akiimba nyimbo zake za huzuni, na adhuhuri alikuja na soseji anazozikausha mwenyewe, nami natoa keki ya ndimu, tunakula tumesimama. Kona zote mbili zilipofika kifuani tulivuta mpira mwembamba wenye maji kutoka kwangu hadi kwake kupima usawa, na maji yakasimama sawia pande zote. Tukapeana mikono. Tulijiona mabingwa.

Tukaanza kujaza, kila mtu kutoka kona yake kuja katikati. Kozi za chini zilikutana penye mlimau vizuri tu, tofauti kama unene wa ukucha. Nikazidisha mota kidogo, naye akapunguza. Kozi iliyofuata, kucha mbili. Tukadanganya tena. Haba na haba hujaza kibaba, hata cha makosa. Tulipofika usawa wa nyonga, tofali la Ivo lilikuja likatazamana uso kwa uso na nusu ya tofali langu, wala hapakuwa na mota duniani ya kuwapatanisha. Ndipo tulipofanya kile tulichopaswa kukifanya mwanzo. Tulihesabu kozi za kona zote mbili. Kona yake ilikuwa na kozi moja zaidi ya yangu, na zote zilikuwa na urefu ule ule.

Unajua waashi wanavyoliita kosa hilo. Jina hilo nilimsikia baba mkwe akilitaja mara moja, alipopita karibu na jengo la mtu fulani, na alilitaja kwa sauti ya chini kama ugonjwa wa aibu. Nguruwe. Ukuta una nguruwe ndani yake. Na desturi ya waashi nayo unaijua, kwamba mwenye nguruwe huwanunulia wenzake bia, kisha hubomoa.

Nikamwambia Ivo, nguruwe huyu ni wako. Akasema, "Wangu kwa nini? Mimi nimefuata alama." Nikasema nami nimefuata alama, na alama zangu zimekatwa na Merv, na ukuta huu ni wa Merv. Akaniambia taratibu kwamba Merv hajakosea, na yeye pia hajakosea. Merv aliukata ufito wake kwa jointi za chokaa za baba yake, zile tabaka za kati ya tofali na tofali, nene kama kidole. Ufito wa bati umekatwa kwa jointi za siku hizi, nyembamba. Kila mmoja ni sahihi kwenye ukuta wake. Kosa letu ni kuwaleta wawili kwenye ukuta mmoja bila kuwatambulisha.

Alisema vizuri, na ndicho kilichoniudhi. Nikamwambia abomoe kona yake. Nikamwambia kwamba mume wangu hawezi kupunguzwa unene na bati la Melbourne. Nikaingia ndani nikabamiza mlango mpaka kofia ya Merv ikaanguka kutoka kwenye msumari wake wa mlangoni. Nikaiokota, nikairudisha mahali pake, nikasimama pale nimeikumbatia pamoja na mlango. Wifi, ilinijia kwamba sikuwa nikimkasirikia Ivo kwa sababu ya kozi moja. Nilikuwa nikimkasirikia kwa sababu siku zile zote za furaha nilikuwa nadhani namjengea Merv, na kumbe kila asubuhi nilikuwa nachana nywele kabla ya kwenda kukoroga mota.

Siku kadhaa hatukusemezana. Mimi ni mkaidi, afadhali hata wewe. Niliwalisha kuku kwa kupitia mbele ya nyumba ili nisionekane. Hatimaye aibu ikanizidi, nikaenda mjini nikanunua kreti ya bia, kwa kuwa desturi ni desturi na mmoja wetu lazima ailipe. Niliporudi nayo bustanini nilikuta juu ya ukuta, pale katikati palipokuwa chini bado, kreti nyingine imekwisha wekwa, na Ivo amekaa juu ya ndoo upande wake akisubiri. Nikaweka yangu kando ya yake. Nikapindua ndoo nami nikakaa. Tulikunywa kidogo. Kisha akasimama, akavuka kuja upande wangu aniangalizie kona, na kabla hajafika yule ndege wa mabaka anayelea makinda juu ya mkaratusi akashuka kama jiwe akamdonoa kipara mpaka damu.

Nilimfuta kwa aproni yangu. Nikamgombeza. Nikamwambia mzee mzima, miaka yote hii uko nchi hii, majira ya kuchipua mtoto mdogo anajua avae kofia kwa ajili ya ndege hawa, wewe kofia yako iko wapi? Akanionyesha kwa kidole. Ilikuwa juu ya kona yake, upande wake, imewekwa vizuri kama mtu aliyeambiwa angoje.

Nikamwuliza inafanya nini huko. Hakutaka kusema. Nilimbana mpaka akasema. Wifi, siku ya mazishi, watu walipojaa jikoni kwangu, Ivo ndiye aliyekuwa akiosha sahani. Wewe ulikuwa umesimama mbele ya mlango, umeshika ukingo wa kofia ya kaka yako pale msumarini, ukaniambia mbele ya watu kwamba maadamu wewe u hai, kofia ya mwanamume mwingine isije ikatundikwa kwenye msumari wa Merv. Nilikukumbatia nikakuahidi. Sikujua kama kuna aliyesikia. Ivo alisikia. Tangu siku ile, kila alipokuja kunirekebishia bomba, kila alipoleta soseji, kila alipobeba mifuko ya chakula cha kuku, aliivua kofia akaiacha kwenye nguzo ya uzio wake kabla ya kuvuka. Miaka mitatu. Uzio ulipoanguka akawa anaiacha kwenye ngazi ya mlango wake. Kipara kile nilichokuwa nakicheka kimeungua kwa sababu ya neno lako na ahadi yangu. Nilimwuliza kwa nini hakuwahi kusema. Akasema kwamba si jambo la kusema, mtu akikuta viatu mlangoni hujua vya kwake aviache wapi.

Nililia tena, na safari hii nililia sana.

Kuhusu nguruwe, shauri lilikuwa la Ivo. Alisema tusibomoe kona ya mtu yeyote. Tubomoe pale katikati tu, tulipodanganya kwa mota, tusimamishe nguzo mbili, na kati yao tuweke lango. Penye lango kozi hazilazimiki kukutana. Upande wa Merv ubaki na jointi za Merv, upande wake ubaki na zake, na anayepita asijue lolote ila awe mwashi. Tumefanya hivyo. Lango ni la mbao za ule uzio wa zamani. Yule kuku mwekundu alikuwa wa kwanza kupita, akaja kunisalimu dakika chache, akarudi zake.

Sasa limebaki lile nililokuwekea kigoda. Utadhani Ivo aliomba kunioa, au alinizunguka kwa maneno matamu na bia. Hapana. Ni mimi niliyesema. Tulikuwa tunasafisha miiko kwenye bomba, mikono yetu ikiwa myeusi, nikamwambia, "Ivo, mimi na wewe ni wazee wa kupiga hodi kwenye lango tulilolitengeneza wenyewe?" Akaniuliza namaanisha nini. Nikamwambia namaanisha anioe. Mwiko ulimtoka mkononi ukaangukia mguu. Aliruka, akashika mguu, akakaa chini, na neno la kwanza alilolisema alipopata pumzi halikuwa ndiyo wala hapana. Aliuliza, "Na Noelene je?"

Nikamwambia nitamwandikia. Akasema basi jibu lake ni ndiyo, na lilikuwa ndiyo kabla hata sijauliza, lakini kofia yake itabaki nje mpaka nipate barua kutoka Darwin.

Sikuombi ruhusa, Noelene. Nakujua na unanijua, na nikisema naomba ruhusa nitakuwa nakudanganya kwa mota. Nimekwisha kata shauri, na ukikataa nitaolewa hivyo hivyo, nikiwa na jeraha. Ninachokiogopa ni kingine. Merv alipokufa nilibaki na mtu mmoja tu duniani anayemkumbuka jinsi ninavyomkumbuka mimi, anayejua mluzi wake na uvivu wake na kile kicheko cha kulala majanini. Mtu huyo ni wewe. Mume nimempoteza, Mungu alitaka. Wifi yangu nikimpoteza itakuwa ni kwa mkono wangu. Siwezi kukaa mezani Krismasi, kiti chako kitupu, nijifanye nakula.

Kwa hiyo nisikilize. Desturi nyingine ya baba yenu ilikuwa kwamba tofali la mwisho haliwekwi na fundi, huwekwa na mwenye nyumba. Matofali haya ni ya nyumba yenu. Juu ya nguzo ya upande wangu nimeacha nafasi ya tofali moja. Lile lililokuuma, lenye pembe iliyovunjika, nimelitoa kwenye mlango wa banda la kuku, nimelisugua, na lipo juu ya karai likikungoja. Ivo alitaka kuliweka, nikampiga kofi la mkononi. Njoo uliweke mwenyewe. Goti lisikuzuie, nguzo iko kifuani, hutahitaji kuinama. Na ukitaka kutukana, tukana, kasisi mpya hasikii vizuri.

Kofia ya Merv ipo kwenye msumari wake. Haitaondoka, na hakuna atakayeusogelea msumari ule, mimi nikiwa hai na hata Ivo akiwa hai. Lakini mlango ni mpana, wifi. Nyundo nimeiweka juu ya friji. Nataka uje usimame pale uliposimama siku ile, unionyeshe wewe mwenyewe, kwa kidole chako kile chenye kovu, mahali pa kupigilia msumari wa pili.

Tegan anakusalimu na anasema ukija usilete tena yale maembe ya chupa. Kuku wanakusalimu, hata yule mhamiaji. Nisalimie jirani yako na mamba wake, kwa mbali.

Nakupenda kama siku ile ya ndoo na vishoka.

Ni mimi, wifi yako jana na leo, na kesho ukinikubali,

Glenys

Tena: Makinda hayajaruka bado, na mama yao hajasamehe. Jana amemdonoa mara mbili. Kwa ajili ya kichwa cha yule mzee, usichelewe.